Kitabu cha 6 na Kitabu cha 12: shajara ya kuzitafuta mimba zilizopotea kati ya kliniki na wodi ya wazazi

Shajara hii naiandika kwa ajili ya wakunga wa vituo vingine wanaotaka kufanya kazi kama hii bila kurudia makosa yetu. Kituo chetu ni kituo cha afya pwani ya Tanga. Kwa kawaida tunazalisha mama mmoja au wawili kwa siku, na siku za bamvu hufika watano. Wavuvi wanasema watoto huja na maji makubwa. Hilo sijalichunguza na sina mpango nalo.

Swali letu ni moja: mama aliyeandikwa kliniki, mimba yake iliishaje? Kliniki tuna Kitabu cha 6 cha MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, cha kuandika wajawazito, na wodini tuna Kitabu cha 12 cha kuandika wanaojifungua. Kila mwezi tunapeleka wilayani jumla ya kitabu hiki na jumla ya kile. Kilichompata mama wa mstari wa 14, huyo mmoja, hakuna anayeulizwa.

12 Agosti 2024. Ruhusa, na daftari lililochomwa

Takwimu za nchi zinatia moyo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015-16 ulionyesha 556. Wanaojifungulia vituoni wametoka asilimia 63 hadi 81. Kwa hiyo mama anafika kwetu. Nilichotaka kujua ni kama akishafika tunamwona.

Nikaanza kwa pupa. Nilinunua kaunta buku, nikanakili majina 40 kutoka Kitabu cha 6 pamoja na umri, kijiji, namba ya simu na majibu ya vipimo vyote, vikiwemo vya VVU na kaswende. Siku ya tatu mganga mfawidhi akaniuliza swali moja tu: "Hilo daftari linalala wapi?"

Lilikuwa linalala kwangu, juu ya kabati, hapo hapo watoto wangu wanapowekea madaftari yao ya shule.

Tulilichoma kwenye kichomea taka mbele ya mashahidi wawili, nikaanza upya. Sasa kila mama ana namba ya mradi. Daftari lenye majina limo kwenye kabati la dawa zenye udhibiti, na ufunguo anao mkuu wa zamu. Daftari la kazi lina namba tu. Barua ya mganga mkuu wa wilaya imetutosha kwa kuwa haya ni mapitio ya ndani ya kuboresha huduma. Ukidhani kwamba siku moja utataka kuchapisha, omba kibali cha maadili NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kabla hujagusa jina hata moja. Hakuna kibali cha kurudi nyuma.

Gharama: kaunta buku mbili, la kuchomwa na la kubaki, shilingi 14,000. Kufuli 8,000. Kazi yote ya mwanzo imekwenda na moshi.

2 Septemba 2024. Majina hayakutani

Kabla ya kuanza kufuatilia wapya tulijaribu na wa zamani. Tulichukua mama 60 ambao kwa hesabu ya kliniki walipaswa kuwa wamejifungua, tukawatafuta kwenye Kitabu cha 12 kwa majina. Tulipata 23.

Nilidhani 37 wamejifungulia nyumbani, mpaka dada wa kliniki alipoketi karibu yangu akaanza kucheka. Alimtambua mmoja kwa kijiji na tarehe. Kliniki aliandikwa kwa jina lake na la baba yake, miaka 19. Wodini alifika usiku wa manane hajiwezi kwa uchungu, wifi yake ndiye aliyejibu maswali, na wifi akataja jina la utani la nyumbani na jina la kaka yake, yaani mume. Umri akakisia 21. Mama ni yule yule, na vitabu vina watu wawili.

Tukahamia namba ya kadi ya kliniki. Kadi nayo huachwa nyumbani, hulowa, au hubaki kwa mume aliye baharini. Kitu ambacho mama wa huku haachi ni beseni lake la kujifungulia: khanga, pamba, nyembe na ule mpira wa kutandika kitandani. Tukaamua kuandika namba ya mradi kwenye kona ya mpira, pale kliniki, siku anayotuonyesha maandalizi yake.

Wino wa kalamu ya kudumu ulidumu hadi mpira ulipopanguswa na maji ya klorini, tukapoteza namba 9 kwa wiki moja. Aliyetuokoa ni mhudumu wa usafi. Alisema rangi ya kucha haitoki kwa klorini, na ni kweli. Chupa moja ni shilingi 1,000 na imeandika mipira zaidi ya 50. Tumetumia nyekundu. Usinunue ile ya maji maji isiyo na rangi, kwa taa ya usiku huioni.

30 Septemba 2024. Tarehe, mwezi na Idi

Huwezi kusema mtoto ni njiti kama hujui mimba ina wiki ngapi. Njiti ni aliyezaliwa kabla ya wiki 37. Mtoto mfu, kwa hesabu tunayotumia, ni kuanzia wiki 28, na kabla ya hapo ni mimba iliyoharibika. Mstari mzima wa matokeo unasimama juu ya tarehe ya hedhi ya mwisho.

Nikafungua Kitabu cha 6 na kusoma tarehe hizo kutoka juu hadi chini. Tarehe 1. Tarehe 15. Tarehe 1. Tarehe 1. Tarehe 15. Ukiamini kitabu, wanawake wa kata yetu huenda mwezini kwa ratiba, mara mbili kwa mwezi, wote kwa pamoja. Ukweli ni kwamba mama anasema "mwezi wa nne hivi" na muuguzi mwenye foleni ya watu 30 anajaza kilicho karibu.

Lakini mama hao hao ukiwauliza kwa lugha yao wanakumbuka. "Niliingia siku mbili baada ya Idi." "Ilikuwa katikati ya mfungo tatu." "Bamvu la mwisho kabla ya Ramadhani." Basi tukatengeneza kalenda ya ukutani kwenye karatasi ya manila: juu miezi ya kawaida, chini miezi ya mwandamo, mfungo mosi hadi Ramadhani, pembeni sikukuu, bamvu, kufungua na kufunga shule.

Hapa nikafanya kosa ambalo ningependa ulisome mara mbili. Kalenda ya kwanza niliihesabu miezi tisa ya mwandamo kutoka siku ya hedhi, nikaiita tarehe ya kujifungua. Mwezi wa mwandamo una siku 29 na nusu, kwa hiyo miezi tisa ni siku 266. Sisi tunahesabu 280 tangu hedhi ya mwisho. Nilikuwa mbele kwa wiki mbili. Mama mmoja tulimwambia amepitiliza, tukampa rufaa, akapanda gari hadi hospitali ya wilaya na kurudishwa jioni na neno moja: bado. Nauli kwenda na kurudi shilingi 12,000. Nilimrudishia kutoka mfukoni mwangu na nimeiandika humu kama gharama ya mradi, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Bibi zetu waliosema miezi tisa hawakukosea. Siku 266 ni takribani muda wa mtoto tangu mimba kuingia. Wao walihesabu tangu mimba, sisi tunahesabu tangu hedhi, na tofauti ni zile wiki mbili. Kanuni sahihi kwa kalenda ya mwandamo ni miezi tisa na siku 14. Mfano uliobandikwa ukutani: hedhi ilianza siku ya Idi el-Fitri, 10 Aprili 2024, mwanzo wa mfungo mosi. Miezi tisa inakupeleka mwanzo wa Rajabu, ongeza siku 14, unafika 15 Rajabu, ambayo ni 15 Januari 2025. Hesabu siku 280 kwa vidole utafika hapo hapo. Ile kanuni ya shuleni ya kujumlisha siku 7 na kurudi nyuma miezi 3 inakupa 17 Januari, kwa sababu miezi ya kawaida haina urefu mmoja. Siku mbili hazimdhuru mtu.

Kipimo cha utra-saundi kabla ya wiki 24 ndicho bora, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza hivyo tangu 2016. Mama wengi wa kwetu huja kliniki mimba ikiwa na miezi mitano, kwa kuwa mimba changa haitangazwi. Wakati huo kalenda ya manila ndiyo utra-saundi yetu.

Gharama: manila mbili na kalamu, 4,500. Nauli ya yule mama, 12,000.

4 Novemba 2024. Mizani inayopenda elfu mbili na mia tano

Nilipopanga uzito wa watoto wote wa Kitabu cha 12 tangu Januari, nambari tatu zilijaa kuliko nyingine: 2500, 3000, 3500. Ya kwanza ndiyo iliyonitisha. Mtoto wa chini ya gramu 2500 ni mwenye uzito pungufu na ana huduma yake: kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi, kunyonyeshwa kwa uangalizi, kutoruhusiwa haraka. Wa 2500 kamili anakwenda nyumbani kesho yake.

Tulitundika pakiti ya unga ya kilo mbili kwenye mizani yetu ya kuning'iniza. Ikasoma 2100. Mshale ulikuwa umelala gramu 100 mbele ya sifuri, na hakuna aliyejua tangu lini. Kisha nikamtazama mwenzangu akipima mtoto: alimfunga kwenye khanga, akamtundika, akasoma. Baridi ya alfajiri, mtoto ametoka majini, nani atamtundika uchi? Nikapima ile khanga peke yake kwa mizani ya duka la jirani. Gramu 180.

Mia moja ya mshale na mia moja na themanini ya khanga. Mtoto wa 2300 kwetu alikuwa akisomeka 2580, na mkunga aliyechoka akiandika 2500 alijiona mkali.

Tumenunua mizani ya kidijitali ya kulaza. Unatandika khanga, unabonyeza sifuri, ndipo unamlaza mtoto. Mwezi wa kwanza waliozaliwa chini ya 2500 waliongezeka kiasi kwamba mfawidhi aliuliza kama kuna njaa kijijini. Hakuna njaa iliyoingia, ni mshale ulioondoka.

Gharama: mizani 150,000, iliyotolewa na kamati ya kituo baada ya kuonyeshwa ile pakiti ya unga. Nenda na pakiti yako kwenye kikao, hotuba haihitajiki.

20 Desemba 2024. Simu

Mama ambao hawakuonekana wodini niliwapigia. Nimepiga simu 31 na kuharibu mbili.

Ya kwanza ilipokelewa na mwanaume. Nikasema natoka kliniki ya wajawazito, naulizia hali ya binti. Kimya. "Mjamzito nani?" Namba ilikuwa ya kaka. Binti alikuja kliniki kwa siri, na mimi nimemtangaza kwa sekunde nne. Siku ya pili nilikwenda mwenyewe na mhudumu wa afya wa kijiji, tukakaa na shangazi yake, mambo yakatulia, lakini hayakupaswa kuchafuka.

Ya pili alipokea mama mwenyewe. Nikaanza kama tunavyoanza siku zote: "Hujambo mama, na mtoto hajambo?"

"Mtoto ametangulia, sista. Ana wiki ya tatu."

Sikuwa na neno lililoandaliwa. Nikasema pole, nikasema tena pole, kisha nikamwuliza kama titi linamuuma kwa maziwa, kwa kuwa ndilo lililonijia. Linamuuma, na hakuna aliyemwambia la kufanya. Tukaongea robo saa.

Mabadiliko: kadi sasa ina swali, "Namba hii ni ya nani, na tukipiga tuseme sisi ni nani?" Wengi wanachagua tuseme "rafiki wa Bi Fulani wa sokoni". Na hatuulizi mtoto kwanza. Tunauliza "wewe mama unaendeleaje," kisha tunanyamaza. Atasema mwenyewe.

Gharama: vocha 22,000. Bodaboda ya kwenda kwa shangazi 6,000.

22 Januari 2025. Mstari mmoja

Leo naandika kirefu.

Wakunga wenzangu mnajua, ila kwa wengine: mtoto aliyezaliwa mfu tunamwandika kwa moja ya alama mbili. FSB ni aliyefia katika uchungu au muda mfupi kabla, ngozi nzima. MSB ni aliyefia tumboni mapema zaidi, ngozi imeanza kuchubuka. Tofauti hiyo ndiyo inayosema tukatafute chanzo wapi. MSB inakurudisha kliniki: shinikizo la damu lilipimwa? Kaswende ilipimwa na kutibiwa? Dawa za malaria alizimeza? FSB inakubakiza wodini: mapigo yalisikilizwa lini mara ya mwisho, na gari la rufaa liliitwa saa ngapi?

Nilikuwa nikiunganisha vitabu nikafika kwa mama mwenye namba nyekundu kwenye kona ya mpira. Kitabu cha 12 kilisema MSB, kilo 2.9. Kwenye kikao cha mwezi cha kupitia vifo, dada wa kliniki alikuwa ameulizwa juu ya mama huyu mbele ya watu: mbona mtoto alifia tumboni na kliniki hamkuona kitu? Alijibu kwamba mahudhurio yote yalikuwa mazuri. Hakuaminiwa sana.

Nikavuta patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, kwenye faili. Saa 10:30 alfajiri, mapigo ya mtoto 132. Saa 11:00, mapigo 128. Baada ya hapo hakuna nukta. Mtoto akazaliwa saa 1:40 asubuhi, hakulia, hakuamka kwa ambu, mfuko wa kumpumulishia. Mtoto mwenye mapigo 128 saa 11 hawezi kuwa MSB saa 1:40.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Usiku ule nilikuwa peke yangu na mama watatu. Wa kitanda cha pili alitokwa damu nyingi baada ya kondo kutoka, nikawa naye karibu saa mbili nzima, mkono mmoja unasugua mfuko wa uzazi na mwingine unafungua dripu. Hilo naweza kulieleza. Nisiloweza kulieleza vizuri ni kalamu. Ngozi ya yule mtoto haikuwa imechubuka popote. Nakumbuka nywele zake, zilikuwa ndefu hadi shingoni. Nilijua. Lakini FSB ina fomu ya kurasa kadhaa, na ina mtu wa kusimama kikaoni. MSB inapita.

Nilimfuata dada wa kliniki akiwa anafunga dirisha. Nikamwambia, "Dada, yule wa Desemba hakufia kwako."

"Najua," akasema. "Nilimsikiliza Jumatatu, alikuwa anapiga mateke mpaka tukacheka na mama yake."

Nimesahihisha kwa mstari mmoja juu ya alama ya zamani, alama mpya pembeni, saini, tarehe. Msifute na msipake rangi nyeupe, kosa lenyewe ni taarifa. Kwa mama nimekwenda na mfawidhi. Yaliyosemwa huko si ya shajara.

10 Machi 2025. Safu mpya, na 140 za uongo

Tulipitia MSB nyingine zote za mradi. Ngozi peke yake inadanganya hata mkunga mkweli: huanza kuchubuka takribani saa 6 tu baada ya mtoto kufa, na mama anayetoka ng'ambo ya mto kwa mtumbwi kisha bodaboda anaweza kutumia zaidi ya hizo njiani. Mtoto amefia kwenye uchungu, anaonekana wa zamani. Dawa yake ni kujua kama mapigo yalikuwepo mama alipofika.

Kwa hiyo tumechora safu kwenye Kitabu cha 12: mapigo alipopokelewa.

Jaribio la kwanza tuliruhusu kuandika "yapo" au "hayapo". Wiki mbili zote "yapo", hata kwa mama aliyefika kichwa cha mtoto kinaonekana na hakuna aliyewahi hata kugusa fetoskopu, chombo cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni. Jaribio la pili tukataka nambari. Tukapata 140, 140, 140. Ni ugonjwa ule ule wa 2500.

Jaribio la tatu limefanya kazi, na ni vitu viwili. Kwanza tumenunua dopla ndogo ya mkononi, mashine ya betri inayosikiliza mapigo ya mtoto. Kioo kinaandika 137 au 151, hakuna mtu anayebuni 137. Na mama anasikia mwenyewe. Akisikia tu-tu-tu, halafu saa nzima hakuna aliyerudi, anaita. Hatukutarajia kwamba walinzi bora wa ratiba wangekuwa wenye matumbo yao.

Pili, kikao. Mfawidhi amefuta swali la "nani alikuwa zamu" na kuweka "mara ya mwisho kusikia mapigo ilikuwa saa ngapi, na baada ya hapo mikono ilikuwa wapi". Jibu la usiku wangu lilikuwa kwamba mikono ilikuwa kitanda cha pili. Kutokana na jibu hilo tumepata mtu wa pili wa kuitwa usiku, anayelala nyumba ya watumishi, kengele ya simu ikilia anakuja. Mwongozo unataka mapigo yasikilizwe kila dakika 15 hadi 30 uchungu ukishachangamka, na kila dakika 5 mama anaposukuma. Kwa mtu mmoja na mama watatu hesabu hiyo haiingii, hata awe nani.

Nimewakumbusha wenzangu utafiti wa hospitali 8 za Tanzania uliochapishwa 2013: wakunga walipofundishwa kuwasaidia watoto wasiopumua, vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na FSB zikapungua kwa asilimia 24. Mafunzo ya kupumulisha mtoto hayafufui mfu. Maana yake baadhi ya walioandikwa wafu walikuwa hai, hawajavuta pumzi tu.

Gharama: dopla 180,000. Betri hudumu wiki tatu na jeli imekwisha mara moja. Maji ya kawaida yanasaidia kidogo ila mashine inakoroma. Fetoskopu ya mbao, ile iliyoanzia kwa Pinard mwaka 1895, bado imetundikwa msumarini na haijawahi kuomba betri.

7 Aprili 2025

Siku ya Afya Duniani, mwaka huu imelenga mama na mtoto mchanga. Tumeletewa bango zuri. Nyuma yake ni jeupe kabisa, tumelitumia kuchora kalenda ya mwandamo ya mwaka ujao.

26 Mei 2025. Waliokwenda kwao, na arobaini

Wengi tuliowapoteza ni wa mimba ya kwanza. Mwezi wa saba binti hurudi kwa mama yake kujifungua, ndiyo desturi, na kwao ni Pemba, au Mombasa, au kijiji cha pili tu. Kliniki tulikuwa tunawaandika "mtoro". Neno baya kwa mtu aliyekwenda kwa mama yake. Sasa katika hudhurio la mwezi wa sita tunauliza "utajifungulia wapi," tunaandika na namba ya mama mzazi.

Kuna bibi mkunga wa jadi kijijini ambaye siku hizi hazalishi, anasindikiza tu kama serikali inavyotaka. Nilimpelekea sukari na majani ya chai, nikamsomea vijiji, si majina. Kabla chai haijapoa alikuwa ametaja vizazi sita tusivyovijua, pamoja na pacha mmoja wa hai na mmoja aliyefariki siku ya tano. Ningeanza kwake mwezi Agosti ningeokoa vocha zote.

Kitabuni ufuatiliaji wa mama huishia siku ya 42. Nyumbani hutoka ndani siku ya arobaini. Tulikuwa tukiwaita siku ya 42 na hawaji. Tumeacha kuwaita. Mhudumu wa afya anakwenda siku ya arobaini yenyewe, nyumba imefagiliwa, mama amevaa, watu wapo. Anapima shinikizo la damu, anauliza juu ya damu, homa, mkojo unaovuja, na uzazi wa mpango kwa anayetaka, chumbani na mlango umefungwa. Hajawahi kukosa mtu, wala pilau.

30 Juni 2025. Hesabu

Mama walioanza kliniki Agosti hadi Oktoba 2024 ni 143. Tunajua mimba za 134 ziliishaje, 9 hatujui. Waliojifungua mtoto hai ni 125, wawili kati yao mapacha, kwa hiyo watoto 127. Wawili wamefariki wiki ya kwanza. Mimba zilizoharibika kabla ya wiki 28 ni 4. Waliozaliwa wafu ni 5. Mwanzoni ziliandikwa MSB nne na FSB moja. Baada ya patografu, safu mpya na maswali ya njiani, ni MSB mbili na FSB tatu. Watoto ni watano tu, usijenge asilimia juu yao. Mmoja wa MSB hizo mbili, safu ya kaswende ya mama yake kliniki ni tupu, wiki ile vipimo vilikuwa vimekwisha. Hilo ni la kliniki kweli, na dada ameshaanza daftari lake la siku ambazo vipimo havipo.

Gharama yote, na vijimambo ambavyo sikuviandika kama chai na betri: shilingi 437,500. Mizani na dopla ni tatu kwa nne ya hiyo. Anayeanza akiwa na 30,000 anunue kaunta buku, manila na rangi ya kucha, avuke.

Kitabu cha 12 kipya kimekuja kutoka wilayani, na bila shaka hakina safu yetu. Nimeichora kwa rula ukurasa kwa ukurasa, zamu mbili za usiku. Wino mweusi uliisha ukurasa wa 61, kuanzia hapo ni nyekundu.